Herufi Sita za Shemeji

Shemeji yangu tulimwita Kamusi. Msidhani ni kwa kujua maneno mengi. Ni kwa sababu alitembea na kamusi ya Kiingereza kwapani hata akienda kunyoa. Ukimsalimia, anajibu kwanza kwa Kiingereza, kisha anajitafsiri mwenyewe usije ukadhani umetukanwa.

Dada yangu, mkewe, ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishonea sebuleni, wateja wakipimwa viuno mbele ya watoto wanaokula. Mwishowe akapata chumba cha duka kando ya barabara, mkabala na shule. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wazazi walikwisha kuanza kuulizia sare. Kilichobaki ni kufungua mlango tu.

Hapo ndipo Kamusi akaleta herufi. Hoteli moja ilikuwa imefungwa, ikauza hadi vitasa, naye akanunua mabaki ya bango lake: herufi sita za chuma, kila moja ikimfika dada kiunoni. T, H, O, U, L na S. Akazipanga sakafuni dukani, akatutangazia kwamba duka litaitwa kwa neno moja la Kiingereza lenye herufi zote hizo. Nyingine zinaweza kuongezwa, lakini hizo sita lazima ziwemo. Na mlango haufunguliwi mpaka neno lipatikane.

"Si uandike tu 'Fundi' kwa rangi, yaishe?" dada akauliza.

"Mke wangu, duka lenye jina la Kiswahili ni kibanda chenye mlango."

Basi kila jioni tukageuzwa wanafunzi. Watoto waligundua mahali kwenye simu ambapo unaingiza herufi, yenyewe inakutapikia maneno. Wao wanasoma, baba yao anapekua kamusi, sisi wengine tumeshika tama.

Neno la kwanza lilikuwa *loutish*. Kamusi alilipenda papo hapo, akalirudia mara kadhaa kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akafungua ukurasa.

"Maana yake nini?" dada akauliza.

"Tabia ya mtu asiye na adabu." Akakohoa. "Lakini linasikika vizuri. Wateja wangapi wana kamusi?"

"Mteja wangu wa kwanza ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ile ya ng'ambo ya duka."

Likafuata *thoughtless*, yaani mtu asiyefikiri. "Hilo liwekeni," nikasema, "lina mwenyewe." Watoto wakacheka hadi wakafukuzwa sebuleni.

Mimi sikucheka sana. Mchana tulikuwa tukikaa ndani ya duka lililofungwa, dada akiwatazama dirishani wazazi wanaofika, wanasukuma mlango, kisha wanavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine na vitambaa vyao mkononi. Nilimkasirikia shemeji, tena sana, na sioni haya kusema. Dada alikuwa akiwahesabu kwa vidole. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu namjua.

Asubuhi moja Kamusi akaaga kwamba anakwenda kwa rafiki yake karani, mwenye kamusi nene zaidi. Alipokata kona tu, dada akafungua mlango. Zaidi ya cherehani na meza ya pasi, samani hakuwa nazo, maana hata samani zilikuwa zikisubiri jina. Akaangalia zile herufi, akakunja mikono ya gauni. H tukaisimamisha, ikabeba vitambaa. Nguo zilizokamilika tukazitundika kwenye mikono ya T. U ikapokea mikanda na mabaki, O ikawa fremu ya kioo, L ikawa kiti cha wanaosubiri, na S, ambayo haikuwa na akili ya kusimama, tukaining'iniza ukutani ishike mikasi. Kufikia adhuhuri wazazi walikuwa wakielekezana: nenda pale kwenye herufi.

Kamusi alirudi akitweta, na mchora mabango nyuma yake.

"*Youthfulness*!" akasema kutoka mlangoni. "Ujana! Zote sita zimo!"

Mchora mabango akapima ukuta wa mbele, akapima tena. "Mzee, hili neno linaishia kwa fundi viatu, jirani yenu."

"Tutazibana. Leteni hizo herufi."

Dada hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Chukua. Ila nguo za watu usiziweke chini."

Akaiendea T, ilikuwa na sare za darasa zima. Akaigeukia O, mama mmoja alikuwa mbele yake akijigeuza, akamwambia, "Samahani baba, sijamaliza kujiona." Kwenye L amekaa mwalimu wa Kiingereza, ambaye alimsalimia kwa Kiswahili. Nilingoja nifurahi, lakini nilipomwona amesimama pale katikati hana pa kushika, nikamwonea huruma.

Simu yake ikalia. Mzazi alikuwa akiuliza njia. Kamusi akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akawatazama wateja waliojaa mpaka kizingitini, kisha akageukia ukuta.

"Sikiliza, mama," akasema taratibu. "Ukifika shuleni, uliza fundi yuko wapi. Ndiyo, fundi tu. Mke wangu huyo. Wote wanamjua."

Cherehani ikanyamaza. Dada akamnyooshea mumewe mkono.

"Hiyo kamusi nipe," akasema. "Meza ya pasi inayumba."

Akampa.