Zoezi la Saa Tatu na Nusu

Kazi yangu siku ile ilikuwa kengele. Mama Benita Ngalula, mkunga mkuu wa vituo vyetu, alinipa kazi hiyo wiki mbili kabla.

"Papa Sylvain, weye utashika saa," aliniambia. "Kintu kimoja kikiisha, unapiga kengele, kingine kinaanza. Tusichelewe. Mama Prezida hapendi kungoja."

Nilipokea kwa furaha. Mimi ni muuguzi, na napenda jambo lenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Nilipiga chapa ratiba nzima, nikainakili mara nane, nikaibandika hata kwenye mlango wa choo.

Vituo vyetu vya afya ni saba, kuanzia Ruashi mpaka Hewa Bora, na vyote viko chini ya kamati moja. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mama Katungu, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo miaka mingi iliyopita. Ana maghala mawili na malori sita, na watu wote humwita Mama Prezida. Mara tatu Mama Benita alimwandikia barua kumwomba chumba cha kupumzikia katika kila kituo, chenye vitanda viwili, ili watu wa zamu ya usiku wapokezane kulala saa moja moja. Mara tatu alirudishiwa nakala yenye muhuri wa kupokelewa, bila jibu. Jibu lilitufikia kwa mdomo, kupitia watu wa ofisini. Mama Prezida alisema kwamba mtu wa zamu akipewa kitanda atalala, na akilala, mama mjamzito atazaa peke yake mlangoni.

Sikumlaumu. Mtu aliyeanza na meza moja ya samaki wa chumvi hadi akafika kwenye malori sita ana sababu ya kuogopa usingizi wa wafanyakazi.

Basi Mama Benita akaandaa mkutano, wa kwanza kwetu, wa ustawi wa wakunga na wauguzi. Mama Prezida alikubali kuja saa nne kamili kwa dakika kumi na tano. Mama Benita alikusudia kumsomea ile barua mbele ya watu wote. Akikataa hapo, aliniambia, hataandika tena ya nne.

Kamati ilitupa ruhusa kwa sharti moja: wahudhurie wale tu wanaotoka zamu ya usiku, ili kazi ya mchana isitikisike. Mama Benita alisoma sharti hilo, mimi nikalisoma, tukaandika asante. Hakuna aliyejiuliza maana yake. Sisi tumezoea kutoka zamu tukaenda moja kwa moja sokoni, msibani, harusini, kanisani. Tuliona kwenda mkutanoni ni vivyo hivyo.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, katikati ya majira ya baridi, asubuhi ambayo mtu anapumua moshi. Walifika kwenye ukumbi wa parokia mmoja mmoja, makoti juu ya sare, thelathini na wanane kwa jumla. Nilikaa mlangoni na karatasi ya mahudhurio. Jina, kituo, sahihi. Kwa hiari yangu nilikuwa nimeongeza safu ya nne, niliyoiita Usiku Wako, kwa sababu nilitaka kujua tunakaa na watu wa namna gani. Wengine waliandika R.A.S., herufi tatu tunazoandika asubuhi katika daftari la zamu, maana yake usiku umepita na hakuna la kuripoti. Wengine waliandika idadi ya watoto waliozaliwa, na wachache habari yote ya usiku wao, hadi pembezoni mwa karatasi.

Jemima, mkunga wa Hewa Bora, alikuja na mwanawe wa miezi miwili, ambaye dada yake alimletea getini. Alimlaza kwenye viti viwili vilivyotazamana, akamfunika kwa kitenge.

"Huyu naye umuandike," aliniambia. "Yeye tu ndiye alilala."

Walikunywa chai ya moto na kula mikate. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, na jua lilikuwa limeanza kupasha mabati. Saa tatu na nusu nilipiga kengele. Kwenye ratiba palikuwa na zoezi la kutuliza mwili, dakika ishirini, chini ya Madame Séphora. Huyu ni mwanasaikolojia kijana aliyejitolea kuja bila malipo, na kwa kweli alikuwa amejiandaa vizuri.

"Ba-maman na ba-papa, mufunge macho," alisema kwa sauti nyororo. "Mikono juu ya magoti. Mufikirie fasi moja, pahali penye kimya. Nitahesabu kutoka kumi, pole pole, na kila hesabu munapumua."

Kumi, akasema. Tisa. Nane. Nilikuwa nikitazama saa yangu. Saba. Mahali fulani katikati, kalamu ilianguka chini na mwenyewe hakuiokota. Sita. Kisha nikasikia sauti kama ya mashine ya kusaga mahindi inapoanza kazi. Alikuwa Nkandu, muuguzi wa Ruashi, mtu mkubwa, kichwa nyuma na mdomo wazi.

Madame Séphora alisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Akashuka jukwaani kwa vidole vya miguu, akaja mlangoni tulipokuwa mimi na Mama Benita.

"Maman Benita," alinong'ona, "banalala."

"Nani?"

"Bote. Nilifika sita tu. Ni mara yangu ya kwanza kuona hii. Labda nilifanya mubaya."

Mama Benita aliwatazama. Walikuwa wamelaliana mabegani, wengine paji la uso kwenye kiti cha mbele, mikono ingali magotini kama walivyoagizwa.

"Haukufanya mubaya," akasema.

Nilingoja dakika ishirini za zoezi ziishe. Zilipoisha niliinua kengele. Mama Benita alifunika mkono wangu kwa mkono wake, kengele ikiwa ndani.

"Ngoja kwanza."

"Saa nne iko karibu, Mama. Atawakuta hivi. Ndiyo kile kintu anaogopa."

"Najua, Papa Sylvain."

Alijua, na niliona anajua. Kidole chake kilikuwa kikipapasa faili lenye ile barua. Angeweza kusema neno moja tu na wote wangeamka, wakanawa uso, wakasimama kwa mistari. Hakulisema.

Dieumerci, katibu wa Mama Prezida, aliingia akiwa amekaza tai. Uani, bendi ya parokia ilikuwa tayari, matarumbeta yameinuliwa.

"Mama Prezida anashuka kwenye gari. Bantu basimame, fanfare inaanza."

"Fanfare inyamaze," akasema Mama Benita.

"Namna gani inyamaze? Ni protocole."

"Protocole haikuzalisha muntu usiku huu. Uende uwaambie baweke matarumbeta chini. Pole pole, yasigongane."

Dieumerci alinitazama ili nimsaidie. Nilimwonyesha kengele yangu iliyoshikwa. Akatoka.

Mama Katungu aliingia katika kimya ambacho nadhani hajakutana nacho tangu apewe uenyekiti. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye kilemba cha kijani. Alisimama kizingitini akatazama ukumbi mzima. Nkandu alikuwa anaendelea kusaga.

"Benita," alisema, bila kupaza sauti. "Ulisema nije nione wafanyakazi wangu. Niko naona. Munaniomba vitanda, na tayari munalala bila vitanda."

"Ndiyo, Mama Prezida."

"Huoni haya?"

"Hapana, Mama. Mimi nikiwaangalia hivi, najivuna."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kila siku, ile anayotumia kumwambia mama apumue. Kisha akachukua karatasi yangu ya mahudhurio mezani, akamwomba Mama Katungu amfuate. Walipita kati ya mistari ya viti taratibu, nami nyuma yao, na Mama Benita akawa anasoma safu ya nne kwa kunong'ona.

"Huyu ni Martine. Alizalisha watatu, mmoja alitanguliza miguu. Huyu Chola, alimpeleka mgonjwa hospitali kubwa kwenye pikipiki, akimshika kutoka nyuma, akarudi, akamaliza zamu. Huyu Jemima. Mapacha. Wa pili alikaa vibaya tumboni, akamgeuza kwa mikono."

"Na huyu wa kukoroma?"

"Nkandu. Mtoto alizaliwa moyo unapiga na pumzi hakuna. Alimpuliza hewa kwa mpira, kwa mkono, dakika arobaini. Mara mbili mwenzake alitaka kumpokea, akakataa kumwachia."

Mama Katungu alitazama mikono ya Nkandu pale magotini.

"Alikufa?"

"Analia sasa. Anasumbua wodi nzima."

Walifika mstari wa mwisho. Mama Benita alikunja karatasi.

"Watoto ishirini na watatu, Mama Prezida, katika vituo vyako saba. Na mama zao wote wazima. Hawa walikosa siku ya kulala kwa sababu sharti lilikuwa waje wanaotoka usiku. Sharti nililikubali mwenyewe. Kosa ni langu. Lakini siwezi kuwaamsha ili wapige makofi."

Mama Katungu alivuta kiti karibu na mlango, akakaa, na kilemba chake kikagusa ukuta.

"Dereva wangu akifika asubuhi kutoka mpakani Kasumbalesa," alisema baadaye, "nachukua funguo. Hata akiapa kwamba ana nguvu, simpi lori mpaka alale. Lori ni bei."

"Ndiyo, Mama."

"Usiseme ndiyo, ndiyo. Niko nafikiri."

Akafikiri. Saa nne na robo ilifika, muda wake ukaisha, naye hakuinuka. Alimnong'oneza Dieumerci ampigie simu mtu wa forodha kwamba atachelewa. Dieumerci alitoka, akapiga, akarudi, akakaa kando yake akiegemea nguzo. Uani, watu wa bendi walikuwa wameketi chini kwenye jua, vyombo vyao mapajani. Madame Séphora alizunguka akiwafunika waliodondosha makoti. Mimi nilikaa na kengele kwenye kiganja, nikiishikilia ulimi wake. Saa tano ilipita. Sijawahi kuvuruga ratiba kiasi kile, na sijawahi kuona ukumbi mzuri kama ule.

"Lakini unijibu kimoja, Benita," Mama Katungu alisema. "Nikiweka vitanda, wakalala namna hii, kama mawe. Mama akifika mlangoni, nani atamsikia?"

Kabla Mama Benita hajafungua kinywa, mtoto wa Jemima alilia.

Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa kile kilio kikavu, cha kukatika, cha mtoto mdogo anayejikuta peke yake. Viti thelathini na nane viligongana kwa pamoja. Walikuwa wamesimama. Sikuona aliyetangulia. Macho ya wengine yalikuwa bado hayajafunguka vizuri na tayari mikono ilikuwa mbele, viganja juu, kama vya mtu anayepokea. Martine alikuwa anatafuta glavu mfukoni mwa koti. Na wote, kwa mkono mmoja, waligeuza saa zao za kubana kifuani kuzitazama, maana jambo la kwanza tunaloandika mtoto akilia ni saa aliyolia.

"Onze heures quarante-huit," zikasema sauti nyingi kwa wakati mmoja.

Ilikuwa kweli, saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Niliitazama yangu.

Kisha Nkandu akaangaza kulia na kushoto. "Nani amezaa?" akauliza.

Hapo ndipo wakacheka, kwa muda mrefu, wakishikana. Jemima alimchukua mwanawe, akampa ziwa. Chola akamwona Mama Prezida kwenye kiti kando ya mlango, akampiga mwenzake kiwiko, na kicheko kikafa mstari kwa mstari. Wakabaki wamesimama wima, wakingoja kugombezwa.

Mama Katungu naye aliinuka. Aliwatazama hivyo kwa muda, thelathini na wanane, alama za viti mashavuni.

"Mukae," alisema. "Mukae, ba-maman. Hakuna muntu ameniamkia vizuri hivi."

Akanyoosha mkono kwa Mama Benita. "Iko wapi?"

Mama Benita hakuhitaji kuuliza nini. Alifungua faili, akatoa barua ya tatu, yenye muhuri wake. Ilikuwa imeandikwa vitanda kumi na vinne. Mama Katungu aliisoma kutoka juu hadi chini, ingawa naamini alikuwa anaijua. Akaweka sahihi, na chini yake akaandika kwa mkono: pamoja na mablanketi, majira ya baridi yaanze wakiwa nayo. Halafu akakumbuka tulikuwa katikati ya majira hayo, akafuta maneno ya mwisho na kuandika: wiki hii.

Mama Benita aliipokea kwa mikono miwili. Alisema asante mara moja tu. Kisha akaketi kwenye kiti alichokiacha Mama Katungu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi tangu alfajiri. Nilimwuliza kama sasa nipige kengele. Akatikisa kichwa kukubali. Niliipiga, na bendi uani, iliyokuwa imebana pumzi kwa karibu saa mbili, ikadhani ndiyo ishara yake.

Alasiri, matarumbeta yalipokwisha kuondoka, niliandika ripoti kama inavyotakiwa. Zoezi la saa tatu na nusu: limefanyika. Muda uliopangwa, dakika ishirini. Muda uliotumika, saa mbili na dakika kumi na nane. Walioshiriki, thelathini na wanane. Maoni: R.A.S.

Mama Benita aliisoma na kunirudishia.

"Uongeze mumoja," alisema. "Kwa ile nguzo, Dieumerci naye alilala."

Nikafuta, nikaandika thelathini na tisa. R.A.S. nikaiacha ilivyo.