Matone Mawili ya Ndimu

Tusidanganyane hapa: Otilia alijua siku ileile.

Kula maabarani ni marufuku, na tangazo lenyewe alilibandika yeye, mhudumu wa maabara, mlangoni miaka ishirini na miwili iliyopita. Lakini nani mjini Texcoco anakula jícama, kile kiazi cha kutafuna kibichi, bila pilipili na ndimu? Njaa ya saa sita ilimbana, akakamua ndimu juu ya kibakuli chake, matone mawili yakarukia kwenye sahani ya jaribio ya mwanafunzi Yunuén. Ilikuwa sahani ya maji matupu, ndani mna vipande vya shina la miche ya maharage. "Matone mawili tu," akajisemea, akafuta meza.

Matone mawili tu! Mwanafunzi wa watu alitaka kuonyesha kwamba vipande vilivyotiwa homoni hurefuka, na vya maji matupu hubaki vilevile. Homoni huifanya seli itoe uchachu, uchachu unalegeza ukuta wake, seli inatanuka. Na ukuta wa seli hauulizi uchachu umetoka wapi. Hata wa ndimu unaulegeza. Saa kumi vipande vya maji matupu vilikuwa virefu sawa na vya homoni, na sahani zilishamwagwa.

"Mara mbili ukiwa peke yako, mambo safi," profesa Barragán alimwambia Yunuén. "Leo tunakutazama, yamegoma. Zile namba za mwanzo ulizipika, binti?"

Otilia aliendelea kuosha vyombo. Na alichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Alimfuata binti wa watu nje, akamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Ndiyo dunia."

Mnafiki mkubwa! Siku tatu aliona haya hata kujitazama kwenye kioo. Ijumaa asubuhi, kabla kikao hakijakaa kumfukuza Yunuén masomoni, akaingia kwa profesa akatapika yote.

"Doña Oti! Wewe?" Profesa akashika kichwa. Akafuta kikao, akaamuru jaribio lirudiwe. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Alimkuta bwenini anafunga mizigo arudi kwao Pátzcuaro.

"Yunuén, ni mimi. Ndimu yangu iliingia kwenye sahani yako. Niliona, nikanyamaza. Hufukuzwi tena, mwanangu."

Yunuén akakaa kitandani. Hakupiga kelele. Angepiga, Otilia angepata nafuu.

"Mama aliniuliza kama nimepika namba," alisema. "Nikakataa. Akauliza tena. Jana nikamwambia ndiyo."

"Ndiyo? Jamani, kwa nini?"

"Kila mtu alikuwa na uhakika. Nikasema labda kweli nilikosea mahali, labda nilijidanganya tangu mwanzo. Hata wewe, doña Oti, hukusema hapana. Ulinipa pole."

Yunuén akatoa simu, akabonyeza, akamkabidhi.

"Mwambie wewe."

Simu ikaita mara mbili.

"Yunuén?" Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Usipande basi la leo, mwanangu. Baba yako anasema hapa usikanyage."

Otilia alishika simu kwa mikono miwili.

"Si Yunuén, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyemharibia mwanao jina. Naomba umwite na baba yake, asikie."