Koki Iliyolegea

Seline hakukusudia mabaya, jamani, hilo lijulikane kwanza. Alimpelekea mumewe Ouma chakula pale Kawangware, kwenye banda la kuchomelea vyuma, akamkuta anang'ang'ana na koki ya mtungi wa oksijeni huku amekunja uso kwa maumivu. Kiganja chake kilikuwa kimevimba tangu Jumapili. Koki ngumu, mkono mbovu, na mwanamume mwenyewe hajui kulalamika! Alipotoka kwenda kunawa, Seline akachovya kidole kwenye mafuta ya mchuzi, akaipaka koki yote mpaka pale inapoungana na geji, ile saa ya kupimia presha. Mlango wa chumba chao kule mtaani Raila ukikwama, dawa yake ni hiyohiyo. Akaondoka amefurahi.

Hakufika mbali. Alisikia mlipuko kabla hajavuka barabara.

Kesho yake Ouma alikuwa amelala hospitalini, macho yamefungwa bendeji, na daktari ameshasema kuona ndiyo basi tena. Seline alikuwa anamlisha uji.

"Ni Mbuthia," Ouma akasema. Huyo ndiye mwenzake bandani. "Nimemkataza mafuta mara ngapi? Mimi hufungua koki polepole, lakini jana ilizunguka yote mara moja, bana!"

"Na moto ulitoka wapi? Hukuwa umewasha kitu."

"Si lazima uwashe. Pampu ya baiskeli ukiisukuma kwa nguvu, si inapata moto? Hewa ikibanwa ghafla, joto halipati nafasi ya kutoka. Inajichemsha yenyewe. Oksijeni nayo ikikuta mafuta hapo kwa geji, umekwisha." Akahema. "Enda kwa polisi, Seline. Wamshike."

Seline akakoroga uji. Akinyamaza, nani atajua? Lakini Mbuthia alikuwa pale nje kwenye benchi tangu asubuhi, amekumbatia chupa ya chai, anaogopa kuingia. Masikini wa Mungu, alikuwa analia.

"Ni mimi, baba Marion."

Ouma akaacha kumeza.

"Mkono ulikuwa unakuuma," Seline akasema, machozi yakidondokea bakuli. "Nilitaka tu ilegee."

Ouma akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaushika kwa kile kiganja kilichovimba. Seline akadhani amesamehewa. Kumbe alikuwa anatafuta kijiko. Akakichukua.

"Niitie Mbuthia," akasema. "Anilishe yeye."