Mzimu Aliyesamehe na Shoka Mkononi

Filamu ilipoisha, watu hawakutoka ukumbini wakitetemeka. Walitoka wakibishana, na mkata tiketi akatega sikio mlangoni. Hapo ndipo filamu inapohukumiwa. Mtu akipita kimya, haikumwingia. Akisimama na kuegemea kizingiti, jiandae, kesi imeanza.

Lilikuwa toleo jipya la filamu ya kutisha ambayo kila mtu aliijua tangu zamani: mume anamuua mkewe, anamzika nyuma ya nyumba, na mke anarudi kudai chake. Msusi alisema ile ya zamani ilimtisha kwa ukimya, mpaka ukasikia jirani akimeza mate, ila hii mpya inamwaga damu utadhani kuna mtu kasahau kufunga bomba. Muuza viatu akampinga. Bora damu, alisema, kuliko mzimu wa zamani aliyekwenda kulipa kisasi kwa mwendo wa bibi harusi. Fundi pikipiki aliwaacha wamalizane, kisha akamgeukia mkata tiketi.

"Shemeji, hebu kamuulize mzee wako. Mzimu kamkata mume vipande vipande, halafu sauti inasema 'nimekusamehe, mume wangu'. Msamaha gani huo wa kumwacha mtu hana kichwa?"

Watu wakacheka. Mkata tiketi naye akacheka, ila kwa meno ya mbele tu. Mumewe ndiye Spika, mtafsiri wa ukumbi ule. Alikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, akawasemea wageni wa kwenye skrini kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, na mbwa akibidi. Mtaa mzima uliamini lugha ile anaijua kama njia ya kwenda kwake.

Aliyeamini kuliko wote ni mama mkwe wake, mama mzazi wa mkata tiketi. Jicho la kulia la mama lilikuwa linaingia giza, na Jumatatu angeonana na daktari mgeni aliyezungumza lugha ileile ya kwenye filamu. Ilibidi waamue: jicho lipasuliwe au liachwe. Ndugu walipopendekeza watafute mkalimani, mama alikataa katakata. "Nina mkwe," alisema, na kikao kikaishia hapo.

Onyesho lililofuata, mkata tiketi alimwachia mtu mlango akaingia kusimama nyuma kabisa. Mzimu alipoinua shoka, macho yamemtoka, mdomo wake ulitamka neno moja fupi. Sauti ya Spika ikatiririka juu yake kama wosia: amesamehe, amechoka na chuki, mume akawalee watoto vizuri. Kwenye skrini hapakuwa na mtoto hata wa kuazima.

Ndipo akakumbuka. Watoto walikuwa kwenye filamu ya zamani. Kule mzimu alilitupa shoka, akasamehe kweli, na aliyetafsiri alikuwa marehemu mwalimu wa Spika. Enzi hizo Spika alikuwa mshika nyaya tu, na maneno ya mwalimu wake aliyakariri yote. Mkata tiketi akajiuliza. Kama mume wake anasoma maneno ya filamu nyingine, hii mpya anaielewa kiasi gani? Na daktari je, yeye ana toleo la zamani?

Jumapili mchana alimkuta Spika uani anafua mashati, anaimba. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua filamu ile kwenye simu. Kwenye toleo jipya kulikuwa na kipande cha hospitali ambacho ile ya zamani haikuwa nacho: daktari anaongea na mke kabla hajauawa. Akamwomba amtafsirie, eti jana kelele zilimzidi.

"Anamwambia apumzike, atapona," alisema Spika bila kuinua kichwa.

Mkata tiketi akasogea karibu na beseni, akasema hakusikia vizuri, akakirudisha nyuma. Spika akaendelea kusugua kola.

"Anasema waje ndugu zake, hali si nzuri."

Shati likasimama mkononi. Povu likamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, wala hakulifuta. Alijaribu kueleza kwamba lugha za wenzetu zina mafumbo, neno moja linabeba mzigo wa matatu. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo katika ndoa yao halikuwa dalili njema.

"Baba watoto, kesho mama yangu ungempa lipi kati ya hayo mawili?"

Spika alilirudisha shati ndani ya maji.

"La kumtia moyo," akasema.

Hakumtukana. Kuna ubaya unaoujibu na kuna ubaya unaoubeba ukaondoka nao, na huu ulikuwa na upendo ndani yake, ndiyo maana ulimtisha. Alivaa kandambili, akaenda nyumba ya tatu kwa muuguzi, ambaye watu walisema alisomea nchi aliyotoka daktari yule. Watu walisema. Hata Spika watu walisema.

Muuguzi alimkaribisha, akamwambia lugha anaijua, tena angefurahi kumsaidia mama. Mkata tiketi alishukuru sana. Kisha akatoa simu, akamwekea kile kipande cha hospitali.

"Anamuuliza hizi alama za shingoni amezipataje," alisema muuguzi, "na kama nyumbani yuko salama."

Mkata tiketi akakirudisha, akidai sauti ilikatika. Muuguzi akarudia vilevile, alama za shingoni na usalama wa nyumbani. Akakirudisha tena. Safari hii muuguzi alimtazama yeye badala ya simu, taratibu, kuanzia shingoni.

"Dada, nyumbani kwako kuna amani?"

"Ipo," alisema mkata tiketi, akazima simu. "Inafua mashati. Kesho asubuhi una zamu?"