Maneno Kwenye Tenki la Hewa

Kila mwaka kabla ya theluji, Lowell Haugen hulifungia gari la mkewe matairi ya baridi, yale yasiyoteleza kwenye theluji, kwa mikono yake mwenyewe. Pale Bemidji, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, mwanamume anayepeleka gari kwa fundi kwa kazi hiyo huchekwa mpaka kanisani. Mwaka huu bunduki yake ya hewa, ile ya kufungulia nati inayosukumwa na kompresa, iligoma. Ilipofika kwenye nati iliguna tu, ikazunguka kivivu.

"Kompresa za nyumbani ndivyo zilivyo, kaka," alisema Craig, mdogo wake, kwenye simu. "Achana nayo. Nakuja na ya kwangu."

Lowell hakuachana nayo. Alifungua koki chini ya tenki, maji ya kutu yakamwagika sakafuni. Akapaka povu la sabuni kwenye viungio, na kila palipotoa mapovu akakaza. Ule mpira wa kupitisha hewa, mwembamba na mrefu, akauweka kando, akafunga mnene na mfupi. Akaitia bunduki matone ya oili, akabonyeza.

Nati ikaachia papo hapo. Pamoja na hewa ikatoka sauti ya Janelle, mkewe, akicheka.

Hilo halikumshangaza Lowell. Kompresa huvuta hewa ya gerejini pamoja na maneno yaliyosemwa humo, na siku zote yalikuwa yakivujia kwenye viungio. Akahamia nati ya pili.

"Akijua je?" ikauliza bunduki kwa sauti ya Janelle.

"Atajuaje? Yule akishika spana, hata nyumba iungue haoni." Huyo alikuwa Craig. "Ngoja atufungie matairi kwanza, ndiyo tuondoke."

Wakacheka, na kicheko hakikukatika, maana presha sasa ilikuwa imetulia. Lowell aliumia. Yeye ndiye aliyemlea Craig huyu baba yao alipofariki, akamfundisha hata kushika hiyo spana.

Janelle akaingia na kikombe cha kahawa. Alisimama akasikiliza.

"Umebadilisha mpira."

"Ndiyo."

"Inasikika vizuri." Akaiweka kahawa juu ya tenki. "Nilitaka nikwambie baada ya Sikukuu ya Shukrani, mama yako akishatutembelea na kuondoka."

"Na Craig?"

"Craig alisema tusikwambie kabisa."

Craig mwenyewe alifika na bunduki yake begani, akafuta viatu mlangoni, akayasikia maneno yake yakitoka kwenye bunduki ya Lowell.

"Si nilikwambia uachane nayo, kaka!" akasema kwa uchungu, kama aliyekosewa ni yeye.

Lowell alijua nati zikikazwa nusu, gurudumu hutoka njiani. Aliyavisha matairi ya baridi, akazikaza nati zote, moja baada ya nyingine, huku akiwasikia ndani ya hewa wakiitana mpenzi, kisha akazikagua upya kwa spana ya mkono.

Theluji ilianguka asubuhi. Kutoka dirishani Lowell aliwatazama Janelle na Craig wakiondoka, wakipanda mlima wa barabara ya ziwani, na gari halikuteleza hata kidogo.