Asali Isiyo na Sukari

Jambo la kwanza Fausta aliloliona ni kwamba soda zilikuwa kwenye barafu na vipimo vilikuwa juani. Kasha la barafu lilikuwa limeandikwa VIPIMO kwa herufi kubwa. Lakini Dokta Clement, mtafiti kutoka chuo kikuu, alikuwa amepanga humo soda zake sita, na pakiti ya vipimo, vijiti vya kupimia sukari ya damu, ameiacha nyuma ya kioo cha gari tangu asubuhi.

Fausta alikuwa na sauti ndogo. Kijiji kizima cha Mogitu kilijua kwamba binti huyo, ukitaka kusikia salamu yake, umtazame mdomo.

"Kijiti hiki," Dokta aliwaambia watu, "kina plastiki inayopitisha umeme. Nyuzi zake ni nyembamba mno, jicho haliwezi kuziona. Juu yake tumeweka kimeng'enya, kitu kinachotoka kwenye viumbe hai. Kikikutana na sukari ya damu, plastiki inapeleka habari kwenye mashine."

Vidole vikachomwa. Mwenyekiti Hermani, sifuri. Mama muuza maandazi, sifuri. Dokta akaandika kwa furaha kwamba Mogitu ni kijiji cha mfano. Ikaja zamu ya Philomena, mama yake Fausta, aliyemeza dawa za kisukari miaka mitatu. Sifuri.

"Mama, umepona. Dawa acha," alisema Dokta.

Philomena akamimina chai, akatia sukari vijiko vinne.

Hapo Fausta akasimama. "Shikamoo," alisema. Akaitikiwa. "Shikamoo," akasema tena, maana maneno mengine yalikuwa yamekwama.

"Marahaba mbili zinatosha," alisema Mwenyekiti. "Sema, binti."

"Tukipika pombe, kimea hatukitii kwenye uji unaochemka. Kikiungua kinakufa, pombe haitoki. Na hicho kitu chako cha viumbe hai, Dokta, kimeshinda juani."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi," alisema Dokta, akatabasamu kwa huruma.

Mwenyekiti alikuwa amemletea mgeni zawadi ya chupa ya asali. Akaifungua, akakoroga kidogo na maji kwenye kifuniko. "Tupimie na hii, Dokta."

Mashine ikafikiri. Sifuri.

"Kumbe hata nyuki wetu wamepona," alisema Mwenyekiti.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dokta akaeleza kwamba mashine haikutengenezwa kwa ajili ya nyuki, kisha akaenda kufungua soda.

Philomena peke yake hakucheka. Kikombe kilikuwa mkononi. "Mashine imetoka chuo kikuu," alimwambia bintiye. "Wewe umetoka jikoni. Niache ninywe chai kama watu."

Fausta akachuchumaa mbele yake. Safari hii hakuna aliyehitaji kumtazama mdomo.

"Mama, siku ile sukari ilipokuangusha njiani na ndoo, nilijua umekufa. Nilikaa pembeni yako nikiogopa hata kukugusa. Sijamwambia mtu. Weka kikombe chini, mama. Mimi sina mwingine."