Mlangoni Pangu Hapalimwi

Huku Kitale mahindi hupandwa mpaka dirishani. Kufikia Julai yamekupita kimo, na ukifungua mlango asubuhi unasalimiana na majani. Mimi nilizaliwa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, na nilipoolewa huku nilijifariji kwamba mlima nitauona tu. Kweli nauona, kiangazi. Mvua ikishanyesha, mahindi ya mume wangu Wekoye yanaufunika mpaka mavuno.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2009, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama alitaka kila mmoja ataje ndoto yake. Nasimiyu alitaka mashine ya kusaga unga. Phelista alitaka ploti mjini. Mimi nikasema nataka kuketi mlangoni pangu mwezi wa Julai, ninywe chai nikitazama mlima. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mandazi.

"Edinah, hiyo si ndoto, ni uvivu," Phelista akasema.

Iliniuma sana. Nilirudi nyumbani nimefura, na hasira zangu huwa hazilali njaa: nikamwambia Wekoye kwamba kipande cha mbele ya nyumba hakitalimwa tena.

"Ati nini? Unga umepotea nchi nzima, na wewe unataka tukule mlima?"

"Shamba lote la nyuma ni la mahindi. Nimelipalilia tangu unioe, na nitalipalilia tena. Lakini hapa nimekataa."

Wiki iliyofuata Wekoye akamwita Rotich, dereva wa trekta. Niliposikia ngurumo barabarani nikatoa kiti, meza ndogo na chupa ya chai, nikaketi katikati ya kile kipande. Rotich akazima injini.

"Mama, si utoke tu? Niko na mashamba mingi za kulima leo."

"Lima kule nyuma, Rotich. Ukilima hapa, utalima pamoja na mimi."

Majirani wakajaa kwenye ua. Mmoja aliuliza kama nimerogwa, mwingine akataka pasta aitwe haraka aniombee. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku hiyo zilisimama wima.

Wekoye akaja karibu, akapunguza sauti. "Mama Jentrix, unaniaibisha. Kwani umekosa nini hapa kwangu? Si ulisema umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Mtu ameridhika hatakangi kitu ingine, bana."

"Baba Jentrix, wewe umeridhika na mimi?"

Akawatazama majirani. "Ndiyo."

"Mbona basi kila asubuhi bado unataka chai?"

Rotich ndiye aliyeanza kucheka, kisha ua wote. Wekoye akamwonyesha Rotich njia ya nyuma kwa kidevu. Trekta ikaondoka. Nilijua kwamba kama ningeinuka siku hiyo, nisingeketi tena maisha yangu yote.

Julai ikafika. Mahindi yalituzunguka pande tatu, ila mbele kulikuwa na nyasi fupi na, kwa mbali, mlima mzima. Jioni moja nilitoka shambani na matope mpaka magotini, nikanawa, nikamimina chai, nikaketi. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Sikutamani kuwa mtu mwingine wala kuishi mahali pengine.

Wekoye akatoka ndani, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akizikagua nyasi.

"Hapa pangetoa mahindi mazuri sana," akasema, kama alivyokuwa akisema kila jioni. "Mwaka ujao lazima tupande."

"Mwaka ujao nitakuwa nimeketi papa hapa," nikamwambia. "Sasa sogea. Unanizibia mlima."